Gunia Lililoko Jikoni kwa Mama

Tunduma,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada yangu Editha,

Kabla ya yote, lile gunia usiliguse. Na kama barua hii anakusomea Neema, basi Neema mwanangu, simama hapo kwanza, mwambie mama yako asiende jikoni kwa bibi mpaka umalize kusoma. Halafu ndiyo tusalimiane kama watu.

Hujambo, dada? Shemeji naye hajambo? Kile kikohozi chake cha masika kimeshaanza, au mwaka huu kimemsahau? Watoto wanakwenda shule? Mimi ni mzima wa mwili. Asubuhi huku ni baridi, navaa lile sweta la kahawia ambalo mama alilitia kiraka kwenye kiwiko kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Wenzangu hunicheka kile kiraka. Zamani nilikuwa nakunja mkono kisionekane. Siku hizi sikunji.

Najua umenikasirikia. Tangu Ijumaa nakupigia simu, inaita mpaka inachoka. Nimekutumia ujumbe: usilitie maji, lisogeze lisilowe, watoto wasilichezee. Ukanijibu neno moja, "Sawa." Dada, sawa yako naijua tangu utotoni. Mama alikuwa akikukataza kwenda mtoni unasema sawa, huku ndoo iko kichwani. Nikampigia baba mdogo. Alinisikiliza vizuri sana, halafu akasema, "Filipo, habari za kupaka chokaa zungumza na dada yako. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta mbuzi." Akakata. Kwa hiyo nimeshika kalamu, kwa sababu karatasi haikati, wala huwezi kuiambia sawa ikanyamaza. Nampa Masudi, yule kondakta aliyelibeba gunia, anaondoka kesho asubuhi kwa njia ya Sumbawanga. Mpaka Jumatano iwe imefika kwenye lile duka la pale stendi Kasulu. Arobaini ya mama ni Jumamosi. Naomba Mungu zile siku katikati zitoshe.

Nianze na kosa langu. Alhamisi nilipokupigia, niliuliza gunia limefika? Ukasema kwa furaha, "Limefika, mdogo wangu! Jeupe hilo, jamani! Kaburi la mama litaonekana kutoka barabarani."

Nikauliza umeliweka wapi.

"Jikoni kwa mama, pale pa kuni."

"Si ndipo panapovuja?"

"Pavuje, kwani si chokaa? Itaanza kujichanganya yenyewe." Ukacheka. Halafu ukasema, "Nimeionja kama alivyokuwa anaonja mama. Imeniunguza ulimi mpaka leo sisikii ladha ya mboga. Nikasema hii ndiyo yenyewe, hii ni kali."

Nikapaza sauti, nikasema msipake, subirini, acheni kila kitu. Sikukueleza kwa nini, maana mimi mwenyewe nilikuwa na dakika chache tu tangu nijue. Kisha ukaniambia, "Filipo, kuzika ulikuja tumeshafunika. Sasa na arobaini unataka ikungoje?"

Ukakata simu. Dada, sikulaumu. Ni kweli nilikuja mmeshafunika. Basi letu liliharibika kabla ya Mpanda, tukangoja kipuri siku nzima, mimi nimekaa kando ya barabara na kile kitambaa cheusi mkononi. Nilipofika nilikuta udongo umeshapigwa koleo, na alama za viatu vya watu bado mbichi pembeni. Nilizihesabu zile alama. Nilikuwa natafuta mahali ambapo ningesimama mimi. Kwa hiyo usidhani sijui.

Sasa nieleze hilo gunia lilikotoka, ili uone kwamba sikutaka kuwachelewesha.

Unajua kazi yangu. Nipo kwenye ghala ambalo malori yakipata matatizo kabla ya kuvuka mpaka, mzigo wake tunauhamishia kwenye lori lingine. Chokaa inatoka huko pwani, inapita hapa kwenda kwenye migodi ya shaba, mbele kabisa ya Zambia. Gunia likipasuka halivuki mpaka, halipokelewi. Yaliyopasuka tunagawana sisi wapakiaji kwa zamu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ni desturi tu ya ghala, na msimamizi huwa anaangalia pembeni. Ukipata la sukari umebahatika. Ukipata la mbolea, wa huku wanalipeleka kwenye kahawa zao. Niliporudi kutoka msibani lilipasuka la chokaa, na zamu ilikuwa ya Haonga.

Haonga ni mtu wa Mbozi, mkubwa wangu kwa umri, nyumbani kwake ni karibu na Vwawa. Ni mtu wa utani, lakini siku hiyo hakutania. Aliniambia, "Bwana mdogo, una kaburi la mama halijapakwa. Chukua hili. Mimi nitangoja lijalo." Wote wakakubali. Nikalishona kwa sindano ya magunia, nikalifunga kwa nailoni mara mbili, nikampa Masudi. Nilijisikia vizuri, dada. Nilijiambia, sikumtilia mama udongo, lakini weupe wake utakuwa wa kwangu.

Wiki mbili baadaye likapasuka lingine, Haonga akalichukua. Jumatatu hii iliyopita aliimimina kwenye beseni la plastiki apake jiko la mkewe. Akatia maji kama sote tunavyofanya na chokaa ya dukani. Anasema mwanzo haikufanya kitu. Akaona kama mawe madogo yamekaa tu ndani ya maji, akainama na mti akoroge. Ndipo ikachemka yote kwa pamoja, ikaruka, beseni likalainika upande mmoja kama limewekwa motoni. Ilimpiga usoni. Mkewe alimmwagia maji machoni, ndoo kwa ndoo, majirani wakisaidiana kuchota, mpaka wakapata gari. Daktari amesema yale maji mengi ndiyo yaliyookoa jicho moja. La pili bado wanalingoja.

Alhamisi ni siku yangu ya mapumziko, nikaenda kumwona hospitali. Amefungwa bandeji macho yote. Aliposikia sauti yangu akasema, "Kama ni Filipo, kaa mbali. Wewe na chokaa mna mkosi." Akacheka, mimi nikashindwa. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Ile ya kwenu bado iko kavu?"

Binti yake alikuwepo, anaitwa Tumaini, ni mwalimu wa kemia sekondari. Ana hasira huyo msichana, hasira ya kimya. Alinishika mkono akanitoa nje kwenye benchi, akaniuliza, "Baba mdogo, yale magunia yameandikwaje?"

Nilikuwa nimekuja na kipande nilichokata kwenye gunia moja, daktari akitaka kukiona. Miaka mitatu nayabeba mabegani, maandishi yako juu ya shingo yangu, sijawahi kuyasoma. Akakiangalia, akasema, "Oksidi ya kalsiamu. Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi oksidi unaijua."

Nikasema naijua. Nikamtajia palepale, kama kasuku: elementi ikiungana na oksijeni, kinachopatikana ni oksidi. Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Vizuri. Sasa ukiikuta mbele yako, inakuambia nini?"

Na hapo nikamkumbuka mama, dada. Unakumbuka nilipokuwa kidato cha pili, nilipata vema kwenye swali hilohilo, nikamwonyesha mama daftari akiwa anamenya muhogo? Alifuta mikono kwenye khanga ndipo akalishika. Akaweka kidole kwenye ile alama nyekundu, akauliza, "Hii uliyopatia ni ya nini?" Nikasema ni oksidi, ni ya mtihani tu. Akasema, "Haya. Siku ukijua ni ya nini utaniambia." Akarudi kwenye muhogo wake. Sikumwambia. Sikujua. Nilikuwa na neno, lakini kitu chenyewe sikukijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikukosa shule mimi. Nilikaa darasani, nikaandika, nikapata vema.

Tumaini alinieleza pale benchi, akichora kwa kijiti chini. Jiwe la chokaa linachomwa kwenye tanuru kwa moto mkali sana. Kuna hewa imefungwa ndani ya jiwe, kabonidioksidi, moto unaifukuza. Kinachobaki ni kalsiamu na oksijeni, wameshikana wenyewe. Hiyo ndiyo oksidi yake. Kwa macho ni kitu kikavu, cheupe, kimetulia. Lakini kinataka maji. Popote kitakapoyakuta kitayachukua, iwe kwenye ndoo, kwenye jasho, kwenye jicho, kwenye ulimi. Kikiyapata kinageuka kitu kingine, hidroksidi, na katika kugeuka kinatoa joto la kuyachemsha maji yaleyale. Ile chokaa tunayoijua sisi, ya kununua dukani, imeshapewa maji yake kiwandani. Imeshamaliza kuchemka. Mafundi wa zamani walikuwa na neno lao, walisema imezimwa. Ya migodini inasafirishwa haijazimwa, ni huko huko wanakoizima wenyewe kwa mitambo yao.

"Kwa hiyo jina lake lilikuwa limeandikwa," nikasema.

"Limeandikwa. Na alama ya hatari iko hapo. Ila nani aliwahi kuwasomea?"

Ndipo nikaelewa kwa nini shingo zetu zinababuka tukitoka jasho. Miaka yote tunasema ni vumbi, tunajipaka mafuta ya kupikia, tunarudi kazini. Ndipo nikakupigia wewe, nikiwa palepale nje ya hospitali.

Nikirudi Tunduma nilipitia kwa Mzee Athumani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani na ninapokaa, nihakikishe. Mtu wa Tanga huyu, na sasa wako kwenye mfungo. Nikamuuliza kama chokaa yake imezimwa. Akanitazama. "Kijana, nimefunga, usinichokoze. Mimi niuze chokaa mbichi hapa, nichome watoto wa watu? Hii yangu imeshapoa kabla hujazaliwa." Kumbe hata yeye anajua! Nikamuuliza kwa nini hajawahi kutuambia sisi wa ghalani. Akasema, "Mlikuja lini kuniuliza? Mnapita hapa mmejaa unga kama mandazi, mnanisalimia, mnakwenda."

Ijumaa nikamwendea msimamizi wetu. Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, tubandike karatasi mlangoni kwa Kiswahili, ieleze mzigo huu ni nini. Akasema, "Oksidi, oksidi! Wewe mpakiaji au daktari? Oksidi maana yake ni mzigo wa mgodini, basi."

"Na Haonga, bosi?"

"Haonga nani alimpa gunia? Hapa hatugawi magunia."

Tulikuwa watu tisa tumesimama pale. Wote walitazama viatu vyao. Na mimi nilitazama vyangu.

La pili niliomba siku nne nije arobaini, nilishughulikie hilo gunia kwa mikono yangu. Akasema siku za msiba nilishapewa tatu nikazimaliza, na mama hafi mara mbili. Hivyo ndivyo alivyosema, dada. Nilitoka nje nikakaa kwenye tairi bovu mpaka kifua kikatulia.

Baadaye nikachana ubavu wa boksi, nikaandika kwa herufi kubwa: CHOKAA HII HAIJAZIMWA. IKIPATA MAJI INACHEMKA. Nikatundika mlangoni. Jana nikalikuta boksi langu limewekwa chini ya sufuria ya mama ntilie isichafue meza. Yeye hana kosa, alilikuta limetupwa. Nimeandika tena, safari hii ukutani kwa mkaa. Sijui kutapita siku ngapi kabla hawajapafuta.

Sasa nisikilize, dada yangu, na Neema asome hapa polepole. Mwombe shemeji avae viatu, mikono yake iwe mikavu kabisa, ajifunge kitambaa puani. Siku isiyo na mvua alitoe gunia pale pa kuni, maana likilowa lote pale lilipo, lile joto linaweza kuwasha kuni zenyewe na nyasi za paa. Alipeleke kwenye ile ghala ndogo ya mahindi iliyo tupu, yenye bati, aliweke juu ya mbao lisiguse udongo, alifunike vizuri kwa nailoni, afunge mlango kwa kufuli. Ufunguo ukae kwako, si kwa watoto. Msilimwage mtoni. Msilitupe chooni. Msimpe mtu. Kama limeshalowa na linafuka, msilisogelee, waondoeni watoto wote, na kuni zile tu mnazoweza kuzifikia bila kulikaribia, mliache mpaka lipoe lenyewe. Unga ukimwangukia mtu kwenye ngozi, kwanza aukung'ute ukiwa mkavu, ndipo aoshe kwa maji mengi, mengi kweli, si kikombe. Ukiingia jichoni ni maji hapohapo bila kuacha, na safari ya hospitali. Na wewe ulimi wako, kama bado una kidonda, nenda zahanati useme ulichoonja. Usione aibu. Taja jina lake lote, oksidi ya kalsiamu. Nimekuandikia nyuma ya bahasha kama lilivyo kwenye gunia.

Nimemaliza ya kutisha. Lililobaki ni la kaburi, na hapa sipingani na wewe. Jumamosi msimngoje mtu. Arobaini iwe siku yake, kaburi lipakwe, lakini lipakwe kwa kile alichotumia mama. Nenda kwenye ule ukingo wa udongo mweupe, chini ya daraja la miti, mahali alipokuwa akitupeleka wiki ya Krismasi. Uchekeche, uloweke, uchanganye na uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Onja kwa ulimi kama alivyokuwa anaonja yeye, akitafuta mchanga. Ule hauunguzi. Tumeula mara ngapi tukiwa wadogo, wewe zaidi yangu. Hautakuwa mweupe wa kuonekana barabarani, najua, na mvua za masika zitauosha, mtaupaka tena. Mama alikuwa akiupaka kila mwaka na hatukumsikia akilalamika. Tena nyuma ya mlango wake bado kuna viganja vyetu viwili alivyovikandamiza kwenye udongo huo ukiwa mbichi, cha kwako kikubwa, changu kimekosa kidole gumba kwa sababu nilikuwa nimekitia mdomoni. Naomba mtu asipapake mahali hapo.

Na ninaomba kingine, ukiweza kunisamehe ile sauti ya Alhamisi. Pakeni pande tatu. Upande wa miguuni uacheni na tofali lake lilivyo. Watu wakiuliza, waambieni ule ni wa Filipo, hajafika. Likizo yangu ni mwezi wa nane, wakati wa kiangazi. Tumaini ameniahidi kunifundisha namna ya kuzima hilo gunia, shimo linachimbwaje, chokaa inatiwa kidogo kidogo kwenye maji mengi na si maji juu ya chokaa, mtu anasimama mbali kiasi gani, inaachwa siku ngapi. Sitalifanya mpaka niwe nimelijua kwa mikono, si kwa vema. Nitalizima, nitangoja lipoe kabisa, ndipo nitapaka upande wangu. Na nikiwa nimechuchumaa pale miguuni nitamweleza mama lile aliloniuliza.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Nisalimie baba mdogo, mwambie mbuzi asiwe mzee kama wa mazishi. Msalimie mama jirani aliyemwogesha mama mara ya mwisho, sikupata kumshukuru kwa kumshika mkono. Msalimie katekista wetu, umwombe asome jina la Haonga wa Mbozi kwenye maombi ya wagonjwa. Hamumfahamu, lakini chokaa ilikuwa zamu yake. Neema, asante kwa kusoma, mjomba anakuletea sweta.

Dada, ukiipata barua hii nipigie, hata usiseme kitu, nisikie tu simu imeita kutoka kwako. Na Jumamosi, padri akiuliza majina ya watoto wa marehemu, taja lako, halafu utaje na langu.

Mnikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Filipo.